Mwaka Niliojifunza Kusukuma Ardhi

Sogea karibu, msikilizaji wangu, na kama umekaa vibaya, kaa vizuri, maana jambo ninalotaka kukusimulia ni dogo na watu wengi huliruka wanapohadithia maisha yao. Nataka kukueleza jinsi nilivyojifunza kupiga pushapu. Usicheke bado. Mwezi uliopita nilipigiwa simu kwamba mama mdogo Foibe, wa Kahe, ameanguka bafuni na kwamba hali yake si nzuri. Simu za namna hiyo hazisemi yote, anayepiga anakuandaa. Nilishuka kutoka Mwika na mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mgonjwa asiyeweza kunijibu. Nilipoingia uani nikasikia sauti yake ikimgombeza mtu kwa sababu ya chumvi. Nikamkuta amesimama jikoni, bendeji imefungwa kichwani, viganja vyote viwili ameviweka ukutani, anaukaribia ukuta polepole na kujisukuma kurudi. Nikasema shikamoo. "Marahaba," akasema bila kugeuka. "Ngoja nimalize." Nikakaa kwenye kigoda chake cha kupikia nikalia, na nilijua kabisa kwamba silii kwa huzuni. Alipomaliza alinitazama, akaniambia, "Na wewe, bado unatazama mbele kama umejitwika majani?" Hapo mwaka ule wote ukanirudia.

Sitakuchosha na habari za ukoo wetu. Inatosha ujue kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Mwika, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukata majani ya ng'ombe. Ng'ombe wetu, kama wa majirani wote, hawakutoka zizini, walisubiri waletewe. Asubuhi nilipanda hadi ukingoni mwa msitu, nikakata, nikafunga mzigo, nikajitwika, nikateremka. Huko juu nilimwona mara kadhaa mwanamke mmoja askari wa misitu, mwenye buti na sweta la kijani. Hakupiga kelele kama wenzake. Aliwaonyesha akina mama wapi wakate na wapi waache, na kila mti aliutaja kwa jina kama mtu anayetambulisha jamaa zake. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua, ingawa sikumwambia mtu. Kisha Jumapili moja, baada ya ibada, likasomwa tangazo la chuo kinachofundisha askari wa misitu. Wasichana pia waombe. Mwisho wa mwaka kutakuwa na usaili Moshi mjini: kukimbia, kubeba, na kupiga pushapu mwili ukiwa umenyooka. Nje, kwenye mnada wa sadaka, ambapo mayai na ndizi na kuku waliotolewa kanisani huuzwa kwa anayepanda dau, nilimsikia mzee mmoja aliyempakata jogoo akiuliza, "Pushapu za nini? Kwani miti inapigana?" Mwenzake akamjibu, "Mangi, wewe nyamaza. Ukiinama kufunga kiatu unaita watu wakuinue." Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Ila nilijua siwezi kupiga hata moja.

Baba hakunikatalia. Alikuwa anakula kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, akaniambia bila kuweka kijiko chini. "Jaribu. Lakini mara moja tu. Shangazi yako Singida anataka msaidizi kwenye duka lake la nguo, amenisubiri vya kutosha. Usipopata chuo, mwaka mpya utakukuta kwake." Singida si mahali pabaya, na shangazi yangu hakuwa mtu mbaya. Lakini niliona nguo zimekunjwa kwenye rafu, na mimi nimesimama mbele yake mpaka uzee, na huku msitu unabaki nyuma yangu kwa watu wengine. Ndicho kilichokuwa mizanini mwaka ule: msitu au rafu ya nguo. Na kati yangu na msitu palikuwa na mikono yangu miwili.

Sasa nikueleze uwanja wetu ulivyokuwa, maana kosa langu lilitokea hapo. Nyumba yetu imo ndani ya kihamba, shamba letu la nyumbani, chini ya migomba na mibuni, na baina ya jiko na zizi kuna mahali tulipokuwa tukipaita pa sawa. Aliyezaliwa pale huona ni pa sawa. Lakini ukimwaga maji mlangoni pa jiko, yanafika zizini kabla hujainua ndoo. Hapo ndipo nilipoanza mazoezi, na siku ya kwanza nililala upande uliokuja tu, kichwa kikiwa bondeni. Bibi yangu alikuwa akimenya ndizi mlangoni. Alishusha kisu, akaniita kwa jina. "Aika! Miguu haielekezwi Kibo. Umelelewa wapi wewe?" Kwa Bibi, kuupa mlima nyayo ilikuwa sawa na kumnyooshea mkwe miguu. Nikageuka haraka, kichwa kikaelekea mlimani, na tangu siku ile sikulala upande mwingine tena. Mwanzoni nilianguka. Baada ya wiki chache nikapata moja, kisha tatu, kisha nyingi kiasi kwamba Baba alisimama na kikombe chake cha chai akasema, "Huyu msichana atachimba kisima kwa kifua." Nililala usingizi mtamu sana siku zile. Nilijiona nimeshavaa buti.

Masika yalipokwisha nilitumwa Kahe kumsaidia mama mdogo Foibe kuvuna. Alikuwa binamu wa mama yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha michezo na hesabu, na watoto waliogopa zaidi michezo. Nyumba yake ilikuwa na jiko la mabua lenye joto kama tanuri, na chakula cha kwanza nilichokula hapo nakikumbuka hadi leo: wali wa mpunga wa shamba lake na samaki perege waliozama kwenye nyanya. Mumewe, Baba Neema, alisimamia zamu za maji kwenye mifereji ya umwagiliaji na alikuwa mtu wa utani asubuhi hadi jioni. Tulipokuwa tunanawa mikono nikamwambia mama mdogo kuhusu usaili, nikaongeza kwamba upande wa pushapu asiwe na wasiwasi. "Nioneshe," akasema. Nikajilaza uani kwa madaha. Ardhi ya Kahe imelala kama maji kwenye sufuria. Nilishuka vizuri. Kupanda, sikupanda. Nikajaribu tena, makalio yakatangulia, kifua kikafuata, kama kiwavi anayevuka njia. Mara ya tatu nilibaki chini, shavu vumbini, sielewi. Nilidhani ninaumwa.

"Kwenu unapigia wapi?" mama mdogo akauliza. Nikamweleza: uani, baina ya jiko na zizi.

"Kichwa kinaelekea wapi?"

"Mlimani."

Akafumba macho kidogo. Baba Neema alielewa kabla yangu, akapiga paja lake. "Aisee! Kule kwao hakuna mahali pa kuweka yai likatulia. Mwanangu, kumbe siku zote hizo mlima ndio uliokuwa unapiga pushapu. Wewe ulikuwa abiria!"

Nilicheka nao, kwa sababu ilichekesha. Halafu nikaenda nyuma ya jiko nikajifanya napanga kuni. Kuta za mabua hazifichi neno. Nilimsikia mama mdogo akisema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Usimcheke tena hivyo. Akishindwa anapelekwa Singida."

"Singida kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya. Ila si alikotaka kwenda."

Baba Neema akasema, "Basi mfundishe. Wewe si mwalimu?"

Mimi mwenyewe nimefundisha vijana wengi tangu wakati ule, na kila ninapomwona mmoja amekata tamaa, hukumbuka asubuhi iliyofuata. Mama mdogo hakunipa maneno ya kunifariji. Alinieleza. Alinisimamisha mbele ya ukuta wa nyumba, viganja kifuani, akaniambia nijisukume. Ilikuwa rahisi mno nikaona aibu. Kisha akaniinamisha kwenye dirisha, kisha kwenye benchi, na kila tulipoteremka mikono ikazidi kupata kazi. "Umeona? Mwili ni uleule. Mikono inapokuwa juu kuliko miguu, mzigo mkubwa unabaki miguuni. Mikono ikishuka, mzigo unahamia mikononi. Mlima wenu ulikuwa unakupunguzia, na wewe hukujua kiasi gani. Sasa tutapunguza sisi wenyewe, kwa kujua, na tutarudisha kidogo kidogo." Nikamuuliza kama ile miezi yangu imepotea. Akafikiri kweli kabla ya kujibu, jambo lililonifanya nimwamini. "Haijapotea. Umefika benchi. Ulidhani umefika chini, basi. Mwenye kufika benchi hayuko mbali."

Kulikuwa na kosa la pili, na hilo alilitambua kwa kunitazama ubavuni. Mtu aliyezoea kujitwika mzigo kichwani hukaza shingo na kutupa macho mbele kabisa, njiani. Shingo hiyo hukaa naye hata akiwa hana mzigo. Nilipolala kwa pushapu niliinua uso kama ninayetafuta njia ya kuteremkia, na uso ukiinuka kiuno kinazama. Mama mdogo akachukua mpini wa jembe akaulaza mgongoni mwangu. "Uguse kisogo, uguse kati ya mabega, uguse mwisho wa uti wa mgongo. Ukiacha kugusa mahali pamoja, hiyo siihesabu. Tazama chini, mbele kidogo ya vidole vyako. Hakuna anayekuja mbele yako, hakuna mzigo. Bana makalio kana kwamba umeshika sarafu." Viwiko alivipanga kwa mikono yake: visitawanyike kama mabawa ya kuku anayekimbizwa, visigandamane na mbavu pia, viende nyuma kwa mshazari. Na neno alilolirudia mpaka nikaliota lilikuwa hili: "Usijiinue. Sukuma ardhi." Unaweza kuona ni kitu kilekile, lakini jaribu. Ukijiinua, kichwa na mabega vinatangulia na mwili unavunjika. Ukisukuma ardhi, unaondoka wote kwa pamoja, kama mlango.

Tulifanya siku moja, tukapumzika inayofuata. Nilikuwa na haraka, nikataka kila siku, tena asubuhi na jioni. Alinionyesha migomba michache aliyoipanda kando ya mfereji. "Hii ukiivuta majani itakua upesi?" Kwa hiyo siku za kupumzika nilivuna, nilipepeta, nilikula. Alinijazia maharage kwenye sahani hata nilipokataa, na maziwa ya mgando, na alikuwa akimwambia Baba Neema, "Mwache ale, mikono inajengwa mezani." Benchi lilipokuwa jepesi tukahamia kwenye tuta la mfereji, mikono juu ya tuta, miguu chini. Akina mama waliokuwa wakifua hapo walinizoea. "Dada, bado hujakipata ulichodondosha?" mmoja aliniuliza, na wengine wakaangua kicheko. Yuleyule ndiye siku nyingine aliyeniambia, akikamua shuka, "Leo mgongo umenyooka. Jana ulikuwa kama chandarua." Nilifurahi kuliko kama ningesifiwa na mkaguzi wa elimu.

Kitu kilichonivusha kutoka kwenye tuta hadi ardhini kilikuwa kushuka tu. Sikuweza kupanda kutoka chini, lakini niliweza kujiteremsha, na mama mdogo alisema nguvu ya kushuka polepole ni ileile ya kupanda, imegeuzwa tu. Basi nilianza juu, nikashuka taratibu kadiri nilivyoweza, nikalala kifudifudi, nikapiga magoti, nikajipanga upya juu, nikashuka tena. Wiki zikaenda hivyo. Jioni moja nilikuwa nimeshashuka na nilikuwa natafuta magoti yangu, nikasikia mama mdogo akisema kutoka mlangoni, bila kuinua sauti, "Sukuma." Nikasukuma. Ardhi ikaondoka. Nilikuwa juu, mikono imenyooka, na mgongo umenyooka kama mpini wa jembe. Baba Neema, sahani ya wali magotini, akaacha kula. "Haya," akasema, "abiria ameshika usukani." Tulicheka mpaka wali ukapoa.

Niliporudi Mwika nilibakiwa na tatizo la uwanja na Bibi. Kichwa mlimani, ningejidanganya. Kichwa bondeni, ningemkosea Bibi, na kusema kweli hata mimi nisingeweza kutulia. Nikazunguka kihamba chote nikitafuta suluhu, mwisho nikalala kukingama mteremko, kwenye ngazi ya shamba mahali Baba alipokuwa amesawazisha udongo kwa ajili ya kahawa. Huko mikono na miguu ilikuwa kimo kimoja. Bibi alikuja kukagua, kisu mkononi. Alinizunguka. "Sawa," akasema. "Ubavu hauna ubaya." Akakaa kwenye kisiki akimenya ndizi, na tangu siku hiyo akawa msimamizi wangu. Hakujua lolote kuhusu pushapu, lakini alijua kitu kilichopinda.

Siku ya usaili mama mdogo alipanda kutoka Kahe tukakutana Moshi mjini mapema. Uwanja ulikuwa tambarare, nyasi zina umande. Nilikanyagakanyaga pale kama mnunuzi wa kiwanja, na nilipohakikisha hapainami popote, moyo wangu ulitulia; nilikuwa nimeshakutana na ardhi ya namna ile. Msimamizi, mwanamume mfupi mpole, alichuchumaa mbele ya kila mtu akaweka ngumi yake chini, mahali kifua kinaposhukia. Kifua kisipogusa ngumi, haihesabiwi. Kiuno kikilegea, haihesabiwi. Mbele yangu alikuwepo kijana mmoja wa Kwa Sadala, kifua kipana, mikono kama mchi. Alianza kwa kasi, anadundadunda juujuu, na msimamizi akabaki kimya. "Mbona huhesabu, afande?" akauliza akihema. "Nasubiri uanze," msimamizi akajibu. Hakuwa anamdhihaki. Namwonea huruma kijana yule hadi leo, kwa sababu alikuwa mimi niliyekuwa Kahe, ila yeye alikuwa hana tena miezi ya mbele.

Zamu yangu ilipofika nilishuka polepole, nikagusa ngumi, nikasukuma. Za mwanzo zilikwenda. Katikati mikono ikaanza kutetemeka, nikasahau macho, nikayainua, na nikasikia, "Hiyo sijaihesabu." Damu ilinipanda kichwani. Nikaiona rafu. Nilitaka kuharakisha, niziwahi zilizobaki kabla nguvu haijaisha, na najua kama ningeharakisha ningeanguka. Lakini mwili ulikuwa umefundishwa. Nikabaki juu, mikono imenyooka, nikapumua. Nikashusha macho hadi kwenye majani mawili ya nyasi mbele ya vidole vyangu. Nikabana makalio. Nikashuka. Nilisukuma moja, nikapumua, nikasukuma nyingine, kila moja kama ndiyo pekee niliyoombwa, mpaka msimamizi akaondoa ngumi yake akasema, "Inuka, binti. Imetosha." Nilishindwa kuinuka mara moja. Nililala pale kwenye umande, shavu kwenye nyasi, na kilichonijia hakikuwa shangwe. Kilikuwa ule wepesi wa shingo baada ya kutua mzigo uliotoka nao mbali.

Majina yalisomwa mchana, na langu lilikuwemo. Mama mdogo alinishika bega kwa nguvu, akasema tu, "Twende ukale." Tulikula mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kwenye kibanda karibu na soko, na aliniongezea nyama kutoka bakuli lake. Nyumbani, Baba alisikiliza habari yote amesimama, kofia mkononi. "Basi nitamwandikia shangazi yako amtafute mwingine," akasema, kisha akaenda zizini, na nikamsikia akimsimulia ng'ombe. Msitu nimeutumikia hadi kustaafu. Nikikumbuka mwaka ule, siku ninayoishukuru zaidi ni ile niliyoanguka vumbini Kahe, nikachekwa, ingawa siku ya kufaulu nayo sijaisahau. Ukweli ulinifikia wakati bado nilikuwa na muda wa kuutumia, na mbele ya watu waliotaka niinuke.

Kwa hiyo, msikilizaji wangu, usianze kwa kutafuta nyingi. Kesho asubuhi tafuta mahali tambarare kweli, mwombe mtu mmoja unayemwamini akae ubavuni mwako atazame kiuno chako, kisha shuka polepole na usukume ardhi mara moja tu. Ikikushinda, weka mikono kwenye benchi ujaribu tena; ikikushinda, weka ukutani. Pale mwili wako utakapoondoka wote kwa pamoja, anzia hapo.